Mkaguzi Asiye na Nyumba

Kijijini kwetu hakuna aliyelala ndani ya nyumba mpya kabla bibi mmoja mfupi, mwenye kiko mdomoni, hajaizunguka na kusema neno lake. Alikuwa na maneno mawili tu ya kazi hiyo, yote ya Kihangaza: *ego*, yaani ndiyo, na *oya*, yaani hapana. Akisema ego, mnahamisha vyombo mchana uleule. Akisema oya, mnarudi kwenye kibanda chenu cha nyasi, na pa kukata rufaa hamna, kwa sababu hata mwenyekiti wa kijiji alishaambiwa oya mbele ya mkewe na akanyamaza.

Tulimwita Bibi Mkaguzi. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na hata yeye aliliitikia kama anaitwa mtu mwingine, basi tuliache huko huko.

Jambo ambalo wageni walikuwa hawaliamini ni kwamba mkaguzi huyu mwenyewe hakuwa na nyumba. Kibanda alicholala kilikuwa kilekile alichojichomekea siku lori la Operesheni Vijiji lilipowashusha yeye na wenzake katika pori la Biharamulo, wakaambiwa kijiji ni hapa. Wengine walikaa vibandani msimu mmoja, wengi miwili. Yeye alikaa tu. Kila masika alikohoa kikohozi kinachoanzia magotini, na sisi wanawake wa mtaa ule tulitazamana. Tulichokuwa tunaogopa kilijulikana: kwamba tutamzika bibi huyu kabla hatujamwona chini ya paa la maana.

Mimi sikuletwa na lori. Niliolewa kutoka Nyarubungo, nikamkuta pale na kazi yake tayari anayo. Walinisimulia kwamba aliipata kwa mdomo. Amri ilikuja kuwa nyumba zote zikaguliwe kabla ya watu kuhamia, nguzo, madirisha, choo, umbali wa jiko. Na bwana afya aliyetakiwa kukagua alikuwa na vijiji vingi na baiskeli moja. Kamati ikakaa mkutanoni kutafuta mtu wa kumsaidia. Bibi huyo, aliyekuwa ameketi nyuma na kiko chake, alikuwa ameshasema kwamba ukuta wa fulani umepinda, paa la fulani litaanguka, na fulani amejenga choo juu ya mkondo wa maji. Balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja Mzinza, Mwislamu mpole asiyependa makelele, akasema, "Jamani, huyu anakagua bure tangu tumefika. Si tumpe tu cheo?" Watu wakacheka, wakanyoosha mikono, na kicheko kile kikawa kazi ya miaka.

Alivyokagua ilikuwa hivi. Anafika asubuhi umande ukiwa bado majanini, hasalimii sana. Anaomba kicha cha nyasi mbichi kidogo na kavu kidogo, anakiwasha katikati ya sakafu, anatoka, anafunga mlango na madirisha. Halafu anaizunguka nyumba polepole mikono nyuma, akitazama moshi unatokea wapi. Moshi wa paani hakuujali. Alisema paa ni pua ya nyumba, lazima lipumue. Lakini ukitokea ukutani, hata kama ni uzi mwembamba, anasimama pale na kuweka kidole, na mwenye nyumba anajua leo hahamii. "Panapopita moshi, baridi imeshapaona," alikuwa akisema.

Moshi ukiisha, anaingia peke yake, anafunga mlango, anakaa sakafuni gizani. Hapo ndipo watu walipokuwa wanajibana wasicheke. Mume wangu alidai bibi anasinzia mle ndani. Mimi nilipomuuliza aliniambia anasikiliza. Anasikiliza nini, hakusema.

Akitoka ndipo anapouliza swali ambalo hakuna amri iliyomtuma aulize. Anamtazama mama wa nyumba, hamtazami baba, anasema: "Mtakaa?"

Sasa ungemjibu nini? Kila mtu alisema ndiyo, tutakaa Bibi. Lakini hakuwa anasikiliza jibu. Alikuwa anapita nyuma ya nyumba kuangalia umepanda nini. Akikuta shina la mgomba, hata limepandwa jana, uso unalegea. Akikuta mti wa parachichi, ambao utakula matunda yake mtoto wako na si wewe, anatoa kiko mdomoni na kutabasamu. Akikuta pameota majani tu, basi ukuta wako uwe umenyooka kama wa misheni, utasikia oya.

Ndivyo alivyomkatalia mwenyekiti. Ile nyumba ilikuwa nzuri, nani atakataa. Imepakwa udongo mweupe, madirisha matatu, mlango wa mbao uliopigwa randa. Moshi haukuvuja hata kidogo. Bibi akaingia, akatoka, akazunguka, akarudi ndani tena, akaonyesha kwa kiko pembe ya chumba ambako vyombo vya mama mwenyekiti vilikuwa vimeshaingizwa.

"Ile mizigo mbona bado imefungwa kamba?"

Mama mwenyekiti akaangalia chini. Mwenyekiti akasema, "Bibi, hayo ni mambo ya wanawake, ukuta umeuona?"

"Ukuta nimeuona. Ukuta umekuja kukaa. Mkeo bado yuko njiani. Oya."

Mama yule akaanza kulia palepale, maana ilikuwa kweli. Alikuwa anangoja mumewe achoke na uenyekiti warudi kwao. Wiki ile mwenyekiti alionekana mchana kweupe amebeba machipukizi ya migomba begani, akifuatana na mkewe, na watu walitoka milangoni kumwona.

Basi utadhani alikuwa mtu wa kanuni. Wala. Kulikuwa na bwana mmoja Msubi aliyefanya kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio wangelifanya. Tumezoea kuzungushia miji yetu, yaani nyumba na migomba yake, mivumu, ule mti ambao ukikata gogo lake na kulichomeka ardhini linashika na kuota, na baada ya miaka una mti wa kivuli. Huyu bwana alikuwa na haraka. Akakata nguzo za mvumu mbichi, akazisimamisha, akafunga fito, akakandika. Mvua ilipokuja, nyumba ikachipua. Majani yalitokea ukutani, mengine chumbani juu ya kitanda. Tulikwenda kuitazama kama tunakwenda maonyesho. Balozi akasema hii lazima ibomolewe, nguzo zikiendelea kunenepa ukuta wote utapasuka. Hata mwenye nyumba alishakubali, ameshika shoka.

Bibi Mkaguzi akalishika jani moja, akalisugua kati ya vidole, akasema ego.

"Ego?" balozi akamaka. "Bibi, nyumba hii ina matawi!"

"Ndiyo ya kwanza humu iliyokubali kuwa kijiji hiki ni kwao," akasema. "Mwacheni akae. Ukuta ukipasuka atakandika tena. Kukandika si kila mwaka tunakandika?"

Ilipasuka, na akakandika, na ikapasuka tena. Mtoto wao wa tatu alizaliwa mle na wakampa jina la majani. Mimi mpaka leo nasema nyumba ile haikustahili kupita. Lakini niliipenda kuliko zote.

Alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi, na pia alikuwa mwizi. Niseme tu. Aliiba machipukizi. Ukiwa na mgomba wenye watoto wengi, unaamka asubuhi unakuta mtoto mmoja hayupo, na siku hiyohiyo kuna bibi harusi maskini upande wa pili wa kijiji ambaye amepandiwa mgomba nyuma ya nyumba na nyumba yake imepita. Tulijua sote. Ukimuuliza, alikuambia anayeiba ili apande kwake ni mwizi, anayeiba apande kwa mwingine ni posta. Akawasha kiko, mjadala umekwisha.

Alituhimiza usafi mpaka tukamchukia, na tumbaku yake aliitema popote. Alisema kijiji hiki hakipendi, nyumba zimepangwa mstari kama watu wanaongoja chanjo. Lakini alijua jiko la nani linawaka na la nani limezimika tangu juzi, na lililozimika lilipelekewa kaa la moto kwenye kigae bila maneno. Alipenda kusema, "Serikali ikikupenda sana, inakuhamisha." Alilisema hata mbele ya katibu, katibu akajifanya anafunga kamba za viatu.

Na mimi alinikatalia. Tulijenga mwaka wa kwanza wa ndoa, mimi na mume wangu, na wenzake wa mgambo walitusaidia kuezeka. Moshi haukuvuja. Nilikuwa nimepanda mgomba na viazi. Nikajua nimepita. Bibi akaniuliza, "Mukazana, mtakaa?" Wake wote wa vijana aliwaita hivyo, mukazana, mkwe wangu wa kike.

"Ndiyo, Bibi, tutakaa."

"Unaitika kama mtu anayeitikia marahaba. Hujafikiri." Akainama jikoni, akayasukuma mafiga yangu kwa mguu. Yakasogea. "Mafiga hukuyachimbia. Umeyaweka juu juu, ukiudhiwa kidogo unayabeba unakwenda kwenu. Oya."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia mume wangu bibi yule ni mchawi. Kesho yake nikayachimbia mafiga mpaka kucha zikatoka damu, na wakati nachimba nikagundua kuwa kweli, siku zote nilikuwa nimeacha mlango wa kurudi Nyarubungo wazi kichwani. Sikumwambia hilo. Alikuja, akayasukuma, hayakutikisika. Akasema ego na akakaa kunywa uji. Tangu siku ile nilikuwa mtu wake.

Kwa kuwa nilikuwa mtu wake, habari ya kibanda chake iliniuma zaidi ya wengine. Kinyozi hajinyoi, walisema watu, na wakaona ndiyo basi. Balozi hakuona hivyo. Kiangazi kimoja alipiga mbiu ya msaragambo, kijiji kizima kikamjengea bibi nyumba. Wanaume walikata nguzo za mti mgumu, si mvumu. Sisi tulileta nyasi, tukakanyaga udongo, tukakandika tukiimba nyimbo za makabila manne. Ilikuwa nyumba ndogo, vyumba viwili na jiko la uani, na ilipokauka tulimwita aje aingie.

"Niingie?" akasema. "Imekaguliwa?"

Tukacheka. Akaomba nyasi. Akawasha moshi, akazunguka, akaingia, akafunga mlango. Akatoka. "Mlango unatazama upepo wa jioni. Oya."

Wakauziba mlango ule, wakatoboa upande wa pili. Akaja tena. Kulikuwa na kichuguu karibu na msingi. Oya. Wakakichimba kichuguu chote mpaka kwa malkia wa mchwa, wakajaza mawe. Nyuma ya nyumba mimi mwenyewe nilipanda migomba, safari hii bila kuiba. Akaja mara ya tatu. Akazunguka mara mbili. Akakaa gizani mle muda mrefu mpaka balozi akaketi juu ya jiwe. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, labda moshi.

"Sijui," akasema. "Lakini oya."

Balozi akavua kofia yake. Nilikuwa karibu, nilisikia yote. "Bibi yangu," akamwambia, "hawa watu wamechoka. Sema unachotaka tufanye. Au sema hutaki."

Bibi akatafuta kiko, akakikuta kimezimika. "Nilikuwa mtoto," akasema, "wakatuhamisha kwa sababu ya malale. Wakasema mbung'o watatumaliza, wakachoma nyumba ya mama yangu kwa wema kabisa. Nikaolewa Kanazi, nikajenga, nikapanda, mume wangu akafa nikamzika kwenye migomba yake. Likaja lori. Wema tena. Nyumba zangu zote zilikuwa nzuri, balozi. Hii nayo ni nzuri. Nikiingia, najua lori litakuja."

"Lori gani tena, Bibi?"

"Nikilijua si ningekwambia?"

Balozi akavaa kofia yake, akatuambia twende nyumbani. Nyumba ikabaki imefungwa, na bibi akarudi kibandani, na masika ile akakohoa kuliko masika zote.

Kisha vita vikaja. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka, watu wa kaskazini ya mto Kagera wakakimbia na watoto mgongoni, na wengine walifika mpaka kwetu. Wanaume wetu wa mgambo waliitwa, mume wangu mmoja wao. Nilikuwa na mimba changa. Kijiji kilibaki cha wanawake, wazee na redio moja ya mwenyekiti, ambayo tuliizunguka kila jioni kama jiko.

Familia iliyoletwa mtaani kwetu ilikuwa ya mama mmoja, watoto wanne na mama mkwe aliyebebwa machela. Walikuwa wamevaa walichokuwa wamevaa siku ile ya kukimbia. Balozi alisimama nao barabarani akitafakari awagawe vipi, watoto kwa fulani, mzee kwa fulani. Bibi Mkaguzi akatokea na fimbo yake.

"Kwa nini uwagawe? Ile nyumba si ipo?"

"Bibi, ile haijapita," akasema balozi, na nadhani alisema hivyo kwa uchungu wa kiangazi kile.

Bibi hata hakugeuka kuitazama. "Ego," akasema. Hakuwasha moshi, hakuuliza kama watakaa. Akaufungua mlango mwenyewe, akaenda kuleta kaa la moto kutoka jikoni kwake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulimwona bibi akipona mbele ya macho yetu. Siku ya tatu akampa yule mama jembe, kama desturi isemavyo, na akamwonyesha pa kulima. Aliwafundisha watoto kuiba machipukizi. Yule mama alikuwa haongei. Alikaa mlangoni akitazama kaskazini. Bibi alikaa naye, kiko kikizunguka kati yao, na ilikuwa mwezi mzima kabla sijawasikia wakicheka. Kilichowachekesha ni bwana Msubi, ambaye alikuwa anapogoa ukuta wake kwa panga.

Lakini jioni, wageni wakiingia ndani, bibi alirudi kibandani kwake. Mimba yangu ilipokuwa kubwa nilitumiwa ujumbe nikajifungulie kwa mama yangu Nyarubungo. Nilikwenda kumuaga. Mvua ilikuwa inanyesha na kibanda kinavuja kila mahali, amejikunyata kwenye kona moja yenye ukavu.

"Bibi, nakuomba," nikamwambia. "Ile nyumba ina vyumba viwili. Nenda ukalale na wale."

"Mgeni habanwi."

"Utakufa humu."

"Mukazana," akasema, na akaniwekea mkono tumboni, "wewe nenda ukazae. Mimi mvua hii nimeizoea, nayo imenizoea."

Niliondoka nikilia njia nzima. Niliamini sitamwona tena, na nilimkasirikia kama mtu anavyomkasirikia mama yake.

Nilizaa binti. Vita viliisha, mume wangu akarudi mzima, amekonda, haongei sana. Hakutaka kulima tena. Akapata kazi ya kuuza mafuta Nyakanazi, pale njia panda, na tukapanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni. Malori yalipita mchana kutwa, na kila aliyetoka pande zile nilimuuliza habari za bibi. Mmoja aliniambia amekufa. Mwingine aliniambia amerudi Kanazi. Wa tatu hakumjua kabisa.

Miaka ikapita, ikawa ile miaka ambayo waliohamishwa walianza kurudi kwenye miji yao ya zamani na hakuna aliyewazuia. Siku moja nikamchukua binti yangu, nikapanda lori la mahindi, nikamwambia dereva anishushe kijijini na anipitie alasiri akirudi.

Kijiji kilikuwa kimepungua nusu. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa imebaki kuta, na migomba yake ilikuwa imenenepa bila mtu. Balozi alikuwa amerudi kwao. Yangu niliitafuta nikakuta mhogo wa mtu. Nilipita kwa haraka nikienda mwisho wa mstari, kule kwenye kibanda, na kibanda hakikuwepo. Hata majivu yake hayakuwepo. Nikasimama pale nimemshika mtoto mkono, na ndipo nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa njia.

Alikuwa nyuma ya ile nyumba. Amekaa chini, ameinyoosha miguu, anamwelekeza mjukuu wa mtu namna ya kuchanganya udongo na maji. Ukutani kwa nyuma palikuwa pameongezwa chumba kipya, nguzo na fito tayari, na sehemu kubwa imeshakandikwa.

"Shikamoo, Bibi."

Macho yalikuwa yameingia ukungu. Akageuza sikio. "Marahaba. Sauti hii ni ya yule aliyesema atakaa!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Uko wapi siku hizi, mukazana?"

"Nyakanazi, Bibi. Tumepanga."

"Mmepanga!" Akampapasa binti yangu uso, pua, masikio. "Na huyu ndiye nilimshika tumboni. Amekuwa."

Nikaketi udongoni karibu naye. Nilikuwa na maswali mengi, nikaanza na lililo karibu. "Bibi, humu ulihamia lini?"

"Sikuhamia." Akajitafutia kiko. "Gari la kuwarudisha wale wageni lilikuja ghafla. Yule mama alikuwa na maharage motoni. Akanishika mikono, akalia, akaniambia, Bibi, maharage. Nikaingia niyaangalie. Yalikuwa bado. Nikasema ningoje yaive. Nikala. Mvua ikanyesha, nikalala karibu na jiko. Asubuhi nikaona majivu ni mengi, nifagie."

"Na lori? Ulisema ukiingia lori litakuja."

"Lilikuja. Si ndilo lililowarudisha wale kwao? Nilikuwa sijawahi kuona lori la kurudisha." Akavuta, akatoa moshi. "Baadaye mwanangu aliyekuwa akifanya kazi mbali alirudi Kanazi, naye amekuja hapa mara mbili. Anasema mama twende, sasa ruhusa ipo."

"Kwa nini hukwenda? Kaburi la mzee si liko kule?"

"Mzee hajambo pale alipo. Hahitaji kukandikiwa ukuta." Halafu sauti yake ikashuka. "Nilikuwa nangoja nijue kwanza kama nitakaa, mukazana. Nimengoja tangu mtoto. Nikachoka kungoja, nikakaa."

Nilimshika mkono. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mtu mzima, machozi yananidondoka mbele ya watoto. Nikamuuliza kile chumba kipya ni cha nani, maana anaishi peke yake.

"Walioondoka wote wanarudi kunitembelea. Balozi amekuja, yule mama wa ng'ambo ya mto amekuja na watoto, wamekuwa vijana. Wewe umekuja. Mtarara wapi?" *L* ya Kiswahili ilimponyoka kila alipofurahi, na sikuwahi kutaka aiweze. Akanyoosha kidole mahali alipodhani mlango upo. "Sasa macho yangu yamekataa kazi. Nani atanikagulia? Ingia."

"Mimi, Bibi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Nikaingia. Nikavuta mlango wa matete, giza likaja, nikakaa sakafuni kama alivyokuwa akikaa yeye. Kulikuwa na baridi nzuri ya udongo mbichi. Nje nilimsikia akimuuliza binti yangu anajua kuhesabu mpaka ngapi. Nilitaka sana kutoka niseme ego. Alikuwa mzee, alikuwa amejenga bila macho, ningekataa nini? Lakini juu, pembeni, pale ukuta mpya ulipokutana na wa zamani, mwanga ulikuwa unaingia kwa ufa mrefu, na chini yake udongo ulikuwa umeanza kuachia.

Nikatoka. Akaelekeza uso kwangu, amekitoa kiko mdomoni.

"Enhe?"

"Oya," nikasema. "Ukuta wa pembeni haukushika. Wote, tangu juu."

Bibi akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyepewa habari ya harusi. "Huyu mtoto amekuwa akinidanganya kuwa pamekaa sawa!" akasema, akimtikisia yule mjukuu fimbo huku anacheka. "Basi vua viatu. Udongo uko tayari."

Nikavua viatu, nikapandisha kanga magotini, nikaingia kwenye udongo, na binti yangu akaingia nyuma yangu akipiga kelele kwa baridi. Bibi alikandika chini akiwa amekaa, mimi juu. Tulikuwa tumefika nusu ya ukuta lori la Nyakanazi lilipopiga honi barabarani. Nililisikia. Likapiga tena, likangoja kidogo, likaenda zake, nami nikainama kuchota udongo mwingine.